Mla Ukoko Akiwa Mtoto, Mla Kumbikumbi Akikua

(Maneno haya niliyasema mbele ya klabu za mazingira za shule za sekondari, Muheza, wakati wa masika. Waliokuwepo waliniomba niyaandike. Nimepunguza marudio, mengine nimeyaacha yalivyotoka kinywani.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, walimu wenzangu, wazazi mliokuja na matope yote haya, na ninyi wanangu mliokaa chini kwa kuwa viti vimekwisha. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, ingawa sijasikia salamu.

Nimepewa nusu saa niseme habari za vyura. Najua wengi wenu mnawafahamu kwa sauti tu, kwa zile usiku za mvua ambazo hamlali. Habari ya sauti wahenga walishaimaliza: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi leo nataka tukichungulie kinywa hichohicho kwa kazi yake nyingine, ya kula.

Asubuhi nilipofika nilipitia nyuma ya jiko la shule. Pana mtaro pale, maji yamesimama, kijani kimetanda juu ya mawe. Mama mpishi akaniambia Jumamosi utamwagiwa oili chafu kwa sababu una viluwiluwi. Nikamuuliza, viluwiluwi wa nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ugali ni wa nini. Simlaumu. Lugha yetu imempa mtoto wa chura na mtoto wa mbu jina moja, na bwana afya akisema ua viluwiluwi, wote wawili wanahukumiwa kwa kesi ya mmoja. Kamusi inatupa neno jingine kwa mtoto wa chura: ndubwi. Leo nitalitumia hilo, tusichanganyane.

Sasa niwape aibu yangu mapema, ili mkiisikia kwa wengine isiwe habari.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha biolojia niliweka ndubwi kama arobaini kwenye karai, darasani, karibu na dirisha. Nikawa nawachemshia mchicha, naukatakata, nawatupia. Walikula vizuri sana. Walinenepa, miguu ya nyuma ikachipua, wanafunzi wakafurahi na mimi nikajiona mtaalamu. Kisha ikafika wiki moja ambapo miguu ya mbele ilitokeza, na palepale wakaacha kula. Nikaongeza mchicha. Hawakugusa. Nikaongeza tena. Maji yakaoza, yakanuka mpaka darasa la pili, na zaidi ya nusu wakafa. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba wamepata ugonjwa.

Hawakuwa na ugonjwa. Nilikuwa namlazimisha chakula kiumbe ambaye mdomo wake wa zamani umebomolewa na mpya haujakamilika. Na hata wale walioponea uozo walizama, kwa sababu mapafu yalikwishaanza kazi na mimi sikuweka hata jiwe moja la kupandia. Chura, azame! Ndiyo, akiwa katika siku hizo huzama kama mimi na wewe.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu kosa langu lilikuwa la kudhani kwamba ndubwi ni chura mdogo, kama vile kifaranga ni kuku mdogo. Kifaranga ana mdomo wa kuku. Ndubwi hana mdomo wa chura.

Mtazameni huyu. Bakuli hili la kioo lina ndubwi watatu, lipitisheni taratibu, na aliye nalo asilitikise. Mdomo wake uko chini ya kichwa, mdogo, na kwa wengi wao una ukingo mgumu mweusi kama mdomo wa kasuku, uliotengenezwa kwa keratini, kitu kilekile cha kucha zenu. Kuuzunguka kuna safu za meno madogo mno. Kwa macho matupu hamtaziona. Ni kama brashi. Kazi ya mdomo huu ni kukwangua. Mnaijua sufuria ya wali ikishapakuliwa, kinachobaki chini? Ukoko. Basi ndubwi ni mla ukoko. Jiwe, bua la mpunga, jani lililooza, kila kitu kilicholala majini kinaota utando wa mwani na bakteria na uchafu mlaini, na yeye kutwa nzima anaukwangua. Kile mnachokiita utelezi, kile kinachowaangusha mkivuka mto, kwake ni chakula cha mchana.

Hapa kwetu Usambara kuna ambao wameifanya kazi hii kuwa sarakasi. Kwenye vijito vya milimani, pale maji yanaporushwa juu ya mwamba, wapo vyura ambao ndubwi wao hawakai dimbwini kabisa. Wanashika uso wa mwamba uliolowa, nje ya maji, na kukwangua mwani hapohapo. Mkienda Amani mulikeni tochi kwenye mawe yanayotiririka. Mtaona vitu vyembamba, virefu, vimebandika mwamba, vikiguswa vinachupa.

Aliyeshika bakuli, liinue sasa uone tumbo la ndubwi kwa chini. Ngozi ni nyembamba, utumbo unaonekana. Umefanana na nini? Mmoja amesema chemchemi ya saa. Mimi siku zote naona dawa ya mbu ile ya kuchoma, ya mviringo. Utumbo umeuzidi mwili kwa urefu mara kadhaa, umejikunja, kwa sababu chakula cha majani na mwani ni kigumu kuvunjika na kina shibe kidogo. Lazima kikae ndani safari ndefu. Ni hesabu ileile ya ng'ombe na paka. Ng'ombe ana matumbo ya kujaza beseni, paka ana kamba fupi tu.

Sasa huyu ng'ombe mdogo atageuka paka, na atageuka akiwa hai, bila kulala ndani ya ganda kama kipepeo.

Amri inatoka kwenye tezi ya thairoidi, hapa shingoni, na sisi tunayo. Mwaka 1912 mtafiti mmoja, Gudernatsch, aliwalisha ndubwi vipande vya tezi hiyo kutoka kwa mnyama mwingine. Hawakusubiri kukua. Walipoteza mkia na kuota miguu wakiwa bado wadogo, wakawa vyura vidogo kama inzi. Baadaye wengine walifanya kinyume: waliwatoa ndubwi tezi hiyo, na ndubwi wakaendelea kunenepa bila kugeuka. Wazazi, mnayakumbuka maneno kwenye pakiti ya chumvi, "yenye madini joto"? Homoni ya tezi hii haitengenezeki bila madini hayo. Mtu akiyakosa anaota rovu. Ndubwi akiyakosa anabaki ndubwi.

Amri ikishatoka, kinachofuata kinashangaza kuliko kuota miguu, ingawa vitabu huchora miguu tu. Ule ukingo mgumu wa mdomo unadondoka. Safu za meno zinakwenda. Mdomo unapanuka kuelekea nyuma mpaka unapita chini ya macho. Ulimi unakua mahali ambapo hapakuwa na ulimi wa maana. Utumbo unafupika, kwa yule chura wa maabara anayeitwa Xenopus, unapungua kwa takriban robo tatu ya urefu wake. Tumbo la kweli linajengwa, lenye tindikali ya kuyeyusha nyama. Na wakati mafundi wanabomoa na kujenga, jiko limefungwa. Siku kadhaa hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyojiwekea, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni mkia. Mkia wa ndubwi haukatiki ukaanguka. Unayeyushwa kutoka ndani na kurudishwa mwilini, kidogo kidogo, mpaka unakwisha.

Ndipo ujue mchicha wangu ulikuwa tusi.

Anapopanda jiwe kwa mara ya kwanza ana ukubwa wa punje ya mahindi, na njaa ya mtu aliyefunga bila futari. Lakini anataka nini? Kila kitu kimebadilika, hata macho. Ndubwi alikula kilichotulia, kilichobandika. Chura hana habari na kilichotulia. Jicho lake linakamata kitu kidogo kinachosogea. Mweke katikati ya nzi waliokufa, wengi wanono, atakufa njaa akiwatazama. Mtikise mmoja kwa unyasi, amekwenda.

Nilijifunza hilo mwaka wangu wa pili, kwa wale wachache niliofanikiwa kuwatoa. Niliwawekea maganda ya ndizi mbivu na papai lililoanza kuoza ndani ya sanduku la wavu. Vile vijinzi vya matunda vikaja vyenyewe, bure. Vyura wangu wakawa wamekaa kuzunguka ganda kama wazee wa bao. Porini wanaanza na vidudu vya namna hiyohiyo: utitiri, sisimizi wadogo, vile vidudu virukavyo kwenye majani yaliyooza. Kanuni yao ni ya mdomo tu, kinachoingia kinaliwa. Kwa hiyo mdomo ukikua, orodha inakua: mende, panzi, buibui, konokono, minyoo, na mvua za kwanza zikishuka, kumbikumbi mpaka wanashindwa kuruka.

Ulimi wake umeshikiziwa mbele ya taya, ncha ikatazama kooni. Akitaka kitu anaupindua nje kama mtu anayetupa shuka. Mate yake ni majimaji anapompiga mdudu, yanapenya kila kona, kisha yanashika kama gundi. Na kumeza! Mmemwona chura akimeza anafumba macho? Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuwa akisema anasikia utamu. Macho yale yanazama ndani ya kichwa na kusaidia kusukuma chakula kuelekea kooni. Wengi wana vijino vidogo taya la juu, vya kushikilia tu. Chura wa ngozi ya vipele anayekaa chini ya taa ya barazani hana hata hivyo. Hakuna anayetafuna. Yule mkubwa kabisa wa nyanda zetu, anayejifukia ardhini kiangazi chote na kutoka na mvua, anameza panya. Anameza vyura wenzake pia, na hachagui ukoo.

Basi mnaweza kusema mmeelewa: mtoto majani, mkubwa nyama. Mtihani ukiuliza, jibuni hivyo mpate alama. Hapa hatuko kwenye mtihani.

Dondosheni kichwa cha dagaa kwenye maji wanayokaa ndubwi, mrudi baada ya saa moja. Mtawakuta wamekizunguka. Mwenzao akifa wanamla. Wanahitaji protini kama sisi, na mwani wanaula zaidi kwa sababu ndio uliojaa. Kule majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani kuna vyura wachimbaji ambao ndubwi wao wakikutana na kamba wadogo wa madimbwi na kuanza kuwala, baadhi yao wanageuka umbo: taya linakuwa nene, utumbo mfupi, na wanaanza kuwinda hata ndubwi wenzao. Wametoka kwa mama mmoja, wako kwenye dimbwi moja. Kilichowatenganisha ni chakula.

Na Xenopus, ambaye jamaa zake wako pwani yetu yote kwenye mabwawa na visima vya zamani. Ndubwi wake ana ndevu mbili ndefu mdomoni, na watoto wengi huapa kuwa ni kifaranga cha kambare. Hana brashi ya kukwangua. Ananing'inia majini kichwa chini, mkia ukitetemeka, anachuja vijimea vinavyoelea, vile vidogo visivyoonekana. Akikua hapati ulimi kabisa. Anasukumia chakula mdomoni kwa mikono, na kikiwa kikubwa anakichana kwa kucha za miguu ya nyuma. Huyu ni mmoja wa vyura wachache wanaobaki majini maisha yote. Sasa bwawa lisipokuwa na samaki wala wadudu, limejaa vijimea tu ambavyo mkubwa hawezi kuvila, mnadhani anaishije? Anakula ndubwi. Wake mwenyewe. Mtoto anachuja kijani cha bwawa, anakigeuza nyama, mzazi anakula nyama. Naona mama mmoja pale ameshika kifua. Pole, mama. Mimi nisiyekuwa chura sina la kumtetea.

Pwani ya Kenya wataalamu wamemkuta chura mdogo wa matete akifanya jambo jingine. Kuna chura anayetaga mayai ndani ya povu jeupe, mnaliona limening'inia kwenye matawi juu ya madimbwi. Ndubwi wakianguliwa wanadondoka majini. Huyu wa matete anakwenda usiku, anaingiza kichwa kwenye povu, anakula mayai. Mayai hayasogei! Kwa hiyo hata ile sheria yangu ya kitu kinachosogea, niliyoitangaza kwa mbwembwe dakika tano zilizopita, ina mwenye kuivunja. Na Brazil yupo chura anayekula matunda.

Nimewaweka mwisho wale walioruka meza ya kwanza, kwa sababu ni wetu na wengi hamjasikia habari zao.

Korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aliletwa kwenye elimu ya dunia chura wa manjano asiyefika sentimita tatu. Anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Hatagi. Mama anazaa watoto walio tayari vyura, wadogo kiasi cha kutosha juu ya ukucha wako. Hawajui ukoko, hawajui mkia wa akiba; siku ya kwanza duniani wanatafuta wadudu. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, manyunyu yakakauka, na baadaye ugonjwa wa kuvu ukaingia. Kati ya mwaka 2000 na 2001 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakatunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Fikirieni hapo kazi ya mlishaji: mtoto mchanga mdogo kuliko mbegu ya papai, anataka mdudu mdogo kuliko yeye, hai, anayetembea, kila siku. Watu walifuga vidudu vya majani yaliyooza na vijinzi vya matunda ili kuwalisha. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Dar es Salaam, na miaka michache baadaye wakaanza kurejeshwa korongoni.

Na ng'ambo ya mpaka, vilima vya Taita. Kuna jamaa wa vyura asiye na miguu, anakaa udongoni, ukimchimbua kwa jembe utasema ni mnyoo mkubwa. Mama anataga udongoni, watoto wakianguliwa hawana hatua ya majini wala hawana chakula. Ngozi ya mama inakuwa nene, imejaa mafuta. Watoto wana meno ya pekee, ya kukwanguia, na wanamchuna mama ngozi ya juu huku ametulia. Ngozi inaota tena, wanamchuna tena. Habari hii ilichapishwa mwaka 2006. Nilipoisoma niliiweka chini nikaenda kumsalimia mama yangu.

Mwenyekiti ameuliza kwa kunong'ona, na ni haki yake: je, vyura watatumalizia mbu? Nisiwadanganye kwa kuwa nawapenda. Chura wa barazani anakula zaidi sisimizi, mchwa na mende. Mbu mmoja kwake ni makombo. Mwaka 1922 walipelekwa Mauritius ili wale wadudu wa miwa, wakala walichokipenda wenyewe, na leo wapo kisiwa kizima. Kwa hiyo dawa ya mbu kwenu inabaki chandarua. Ninachokataa ni hukumu ya Jumamosi. Ule utelezi wa mtaroni ndio sufuria pekee ya ndubwi walioko mle, na oili haichagui kiluwiluwi wa nani.

Mvua naona imekatika. Nimemuomba mama mpishi chujio lake la zamani la chai, na amekubali kwa sharti nisilirudishe. Mbu mchanga mtamtambua: mwembamba, anajibinuabinua, anapanda juu ya maji kuvuta hewa. Huyo tunamchota. Mwenye kichwa kama harage na mkia nyuma mwacheni juu ya jiwe lake. Wa mbele chukueni bakuli, mrudishe na hawa watatu. Njia ya kupita nyuma ya jiko inateleza, shikaneni mikono.